Bustani ya gunia: kinga mboga dhidi ya mbuzi na digidigi

Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kiangazi kikikaza, mboga chache za uani huwavuta mbuzi na digidigi.

Gunia moja linatosha kuanzia. Lijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, na katikati uweke nguzo ya kokoto ili maji yafike chini. Toboa ubavuni upande miche ya sukuma wiki. Juu sia mchicha.

Zungushia matawi ya miiba, ukiziba zaidi sehemu ya chini. Digidigi ana kimo cha sentimita 40 hivi begani, hivyo hupenya kwenye pengo dogo. Usimtege: kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.