Dari la Beetle ya babu

Leo historia tena, ila siyo Majimaji. Ni dari la gari.

Zamani katikati ya paa la gari palikuwa na mbao na turubai, kwani viwanda vilishindwa kutoa bati pana kiasi hicho kwa kipande kimoja. General Motors wakaleta paa la chuma tupu kwenye magari yao ya 1935. Chuma nacho, jua linakuoka, mvua inapiga ngoma! Ndo kitambaa cha ndani kikazidi kuwa na kazi.

Kwenye Volkswagen Beetle kilikuwa cha sufu, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipoingia plastiki yenye vitobo. Ya babu ni sufu, imegeuka kahawia kwa moshi wa sigara zake.

Jumamosi fundi alitoa vioo vya mbele na nyuma, akabandua kitambaa, akachomoa vile vyuma vilivyopinda vinavyokibeba, akavirundika chini bila alama. Kila kimoja kina urefu wake na mahali pake! Jamaa akasema tuviache, tubandike sponji. Nikagoma. Joto na unyevu huila sponji, mwishowe inakudondokea kichwani.

Kitambaa chenyewe kilishatupwa. Nikakifukua jalalani, nikakitandaza: mikunjo ya kupitishia vyuma ilikuwa bado imeshonwa, mirefu na mifupi kwa mpangilio. Tukalinganisha kimoja kimoja mpaka magharibi, halafu tukakatia kitambaa kipya juu yake.

Babu kaomba kile cha zamani arudishiwe.