Mizani na Mieleka ya Vijana: Habari za Kale na Mafunzo Yake kwa Chama Chetu

Katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikujibiwa vema, kwa kuwa wakati ulikuwa umetupita. Alisema hivi: "Sisi tulipokuwa wachungaji tulipigana mieleka malishoni, na hapakuwa na mizani. Kwa nini watoto wetu wapimwe kama magunia ya kahawa kabla ya kuruhusiwa kushikana?" Halmashauri ilituagiza tulitafutie swali hilo jibu na kuliandika katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, ili kila mwanachama apate kulisoma nyumbani kwa utulivu. Hilo ndilo kusudi la kurasa hizi.

Lakini kabla ya kueleza habari za watu wengine, yafaa tuungame zetu. Wanachama wengi wanakumbuka kwamba katika mashindano ya vijana ya mwaka jana mtoto mmoja wa miaka 15 alianguka mbele ya mizani, akazimia. Baadaye ilijulikana kwamba hakula chakula kwa muda wa siku mbili, wala hakunywa maji siku ile. Tena alikimbizwa juani amevaa sweta mbili, ili ashuke daraja moja na kupambana na wadogo kuliko yeye. Kwa neema ya Mungu alipona. Mama yake alipokuja ofisini hakutugombeza. Alituuliza tu kama chama kinachojiita cha ustawi chaweza kumrudishia mtoto akiwa dhaifu kuliko alivyomtoa nyumbani. Hatukuwa na jibu. Basi tunaandika tukijua kwamba jambo hili si la kujifurahisha kwa masimulizi.

MIELEKA ISIYO NA MIZANI

Wayunani wa kale waliingiza mieleka katika michezo yao ya Olympia mwaka 708 kabla ya Kristo, na mieleka ya wavulana mwaka 632 kabla ya Kristo. Hawakuwa na mizani ya kuwapima wachezaji. Waliwagawanya kwa umri tu, wavulana mbali na watu wazima mbali, kisha wakawapanga wawili wawili kwa kura. Kwa kuwa hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa, waamuzi walimtazama kijana na kukata shauri kama ahesabiwe mvulana au mtu mzima. Wazee wetu, ambao walihesabu watu kwa rika, hawataona ajabu katika desturi hiyo. Huko ndiko alikotokea Milo wa Croton, aliyeshinda mieleka ya wavulana mwaka 540 kabla ya Kristo, na baadaye akashinda kati ya watu wazima mara tano. Katika mashindano ya namna hiyo mtu mkubwa mwenye nguvu ndiye aliyetawala. Ndiyo methali yetu: Mwenye nguvu mpishe.

Michezo ya Olimpiki ilipofufuliwa mjini Athens mwaka 1896, mambo yalikuwa vivyo hivyo. Waliingia wanamieleka watano tu, na daraja lilikuwa moja kwa wote. Mshindi alikuwa Carl Schuhmann wa Ujerumani, mtu mfupi, ambaye alimwangusha Launceston Elliot wa Uingereza, jitu lililokuwa limeshinda katika kuinua vyuma vizito kwa mkono mmoja. Pambano la mwisho lilikatizwa na giza, likamalizwa kesho yake. Mzee aliyeuliza swali atasema: Mnaona? Mfupi aliweza kumshinda mrefu bila mizani! Ni kweli. Lakini wale walikuwa watu wazima waliojichagulia wenyewe, na ushindi wa mtu mmoja hauwezi kufanywa sheria ya kuwalinda watoto mia.

Malishoni nako kulikuwa na mizani, ingawa haikuonekana. Wachungaji walijuana tangu utoto. Kila mmoja alimjua aliye sawa naye, na mkubwa aliyemwonea mdogo alichekwa na kuadhibiwa na wenzake. Vijana wanaokutana katika mashindano yetu hutoka mitaa mbalimbali na hawajuani. Jicho la rika halipo, na mizani imewekwa mahali pake.

KUANZA KWA MADARAJA YA UZITO

Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1904, iliyofanyika St. Louis huko Marekani, wanamieleka waligawanywa katika madaraja saba ya uzito. Daraja la chini lilikuwa la ratili 105, yaani karibu kilo 48, na la juu lilikuwa la wale wote waliozidi ratili 158, yaani karibu kilo 72. Makusudi yalikuwa mawili: haki, ili ustadi ushindane na ustadi, na usalama, ili mzito asimvunje mwepesi.

Makusudi hayo ni mema, lakini kila sheria huzaa werevu wake. Mtu akijua kwamba daraja linakomea kilo 48, naye ana kilo 51, huanza kujiuliza jinsi ya kuzitupa kilo tatu kwa saa chache, ili apigane na walio wadogo kuliko yeye. Kilo hizo hazitoki katika mafuta, kwa sababu mafuta hayapungui kwa siku mbili. Hutoka hasa katika maji ya mwili, na lita moja ya maji ni kilo moja. Maji yakipungua, damu hupungua na kuwa nzito, moyo hufanya kazi kwa shida, na jasho, ambalo ndilo linaloupoza mwili, hukauka. Mtu akiendelea kukimbia katika hali hiyo, joto la mwili hupanda kama la chungu kilichofunikwa, hata akaweza kufa. Kwa mtoto anayekua hasara ni kubwa zaidi, maana chakula anachonyimwa ndicho kingejenga mifupa yake.

ONYO LILILOPUUZWA

Nchi ambayo imeandika sana habari za jambo hili ni Marekani, ambako mieleka hufundishwa katika shule nyingi. Mwaka 1970 wataalamu wa jimbo la Iowa walitangaza uchunguzi wao juu ya wavulana wa shule za sekondari, wakaonyesha kwamba uzito mwingi ulipunguzwa katika siku chache za mwisho kabla ya kupimwa. Mwaka 1976 chama cha wataalamu wa afya ya michezo cha nchi hiyo kilitoa tamko la kukataza desturi ya kujinyima maji na kujitoa jasho kwa nguvu. Jimbo la Wisconsin lilianzisha mwaka 1989 mpango wa kumwekea kila kijana uzito ambao haruhusiwi kushuka chini yake. Lakini mahali pengi maneno hayo yalibaki katika karatasi.

Kisha yakaja ya mwaka 1997. Kati ya tarehe 7 Novemba na tarehe 9 Desemba, vijana watatu wa vyuo vikuu walikufa mmoja baada ya mwingine, katika majimbo ya North Carolina, Wisconsin na Michigan. Wote watatu walikuwa wakijitoa jasho ili waufikie uzito wa daraja walilolitaka. Hawakuuawa na mshindani mkekani. Waliuawa na mizani kabla hawajafika mkekani.

Mnamo Januari 1998 wakuu wa michezo ya vyuo walibadili sheria. Walikataza mavazi ya mpira yasiyopitisha hewa, vyumba vya mvuke, na dawa za kukojoza. Waliongeza ratili saba katika madaraja. Tena waliamuru kwamba wachezaji wapimwe muda usiozidi saa mbili kabla ya pambano la kwanza. Sheria hiyo ya mwisho ndiyo tunayowaomba wanachama waitafakari sana. Mtu akipimwa jioni na kupigana kesho, ana usiku mzima wa kunywa na kula alivyojinyima, kwa hiyo huona faida katika kujikausha. Akipimwa saa moja au mbili kabla ya kushikana, aliyejikausha ataingia mkekani akiwa dhaifu, na faida yake itageuka hasara.

Mwaka 2006 shule za sekondari za nchi hiyo zilifuata kwa sheria ya kulinda uzito. Mkojo wa kijana hupimwa kwanza, ili ijulikane kama mwili wake una maji ya kutosha. Kisha hupimwa mafuta ya mwili. Mvulana haruhusiwi kupunguza uzito hata mafuta yashuke chini ya asilimia 7, wala msichana chini ya asilimia 12. Tena hakuna anayeruhusiwa kupunguza zaidi ya asilimia moja na nusu ya uzito wake kwa juma moja. Kijana wa kilo 50, kwa mfano, hawezi kupunguza zaidi ya robo tatu ya kilo kwa juma.

MAMBO YA MIAKA YA KARIBUNI

Chama kinachosimamia mieleka ya dunia nzima kilikuwa na desturi ya kupima siku moja kabla ya mashindano. Tangu mwaka 2018 kilibadili, na wachezaji wakaanza kupimwa asubuhi ya siku ile ile. Na kwa kuwa kila daraja huchezwa siku mbili, wanaoendelea hupimwa tena asubuhi ya pili.

Ukali wa sheria hiyo ulionekana mjini Paris mwaka 2024. Vinesh Phogat wa India, katika daraja la wanawake la kilo 50, alishinda mapambano yake yote ya tarehe 6 Agosti, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kufika fainali ya mieleka ya Olimpiki. Daktari wa ujumbe wao alieleza kwamba usiku ule walijaribu njia nyingi za kumpunguza uzito, hata kumkata nywele. Asubuhi ya tarehe 7 alipanda mizani, akaonekana amezidi kwa gramu 100, kiasi cha maji yasiyojaza kikombe cha chai. Alitolewa katika mashindano na kuwekwa nafasi ya mwisho. Alikata rufani, na tarehe 14 Agosti rufani yake ikakataliwa. Tunaandika habari hii bila kumlaumu mtu. Inatufundisha kwamba saa ya kupima ikiwa njema, bado haitoshi. Mchezaji akiwekwa katika daraja lisilo la mwili wake, mizani itamkuta siku moja.

MAPENDEKEZO YA HALMASHAURI

Sisi mwaka jana tulipima jioni ya siku iliyotangulia, kwa mizani moja ya kuazima ambayo haikujaribiwa, tena tulitangaza madaraja miezi miwili mbele. Kwa ujinga wetu tulifuata kanuni ambayo wenzetu walikuwa wamekwisha kuiacha, na kwa kutangaza madaraja mapema tuliwaonyesha wafundishaji lengo la kulenga. Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu mapendekezo haya:

La kwanza, vijana wapimwe asubuhi ya mashindano, na pambano la kwanza lianze kabla saa mbili hazijapita.

La pili, kwa walio chini ya miaka 18 yasitangazwe madaraja yoyote mapema. Wote wapimwe kwanza, waandikwe kwa mfuatano wa uzito, kisha wagawanywe wanne wanne wa umri na uzito ulio karibu, mzito wa kundi asimzidi mwepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Aliye mwepesi wa kilo 40 hatakutana na aliyezidi kilo 44. Hivyo hakuna daraja la kulikimbilia, na njaa haina faida.

La tatu, mizani ijaribiwe mbele ya watu kwa jiwe la uzito lililopigwa muhuri, na mizani iyo hiyo itumike kwa wote.

La nne, kabla ya kupimwa kila kijana aonwe na mganga au muuguzi, atazamwe ngozi kama ana choa au vidonda, na kucha zake zikatwe. Anayeonekana amekauka midomo au ana kizunguzungu asipigane, hata kama uzito wake ni sawa.

La tano, wasichana wapimwe katika chumba chao na mwanamke aliyechaguliwa na chama. Mieleka ya wanawake imo katika Olimpiki tangu mwaka 2004, wala si jambo la kufanyiwa mzaha.

La sita, mzazi atie sahihi yake, na mfundishaji pia. Mfundishaji atakayemnyima kijana maji au kumkimbiza juani kwa ajili ya mizani aondolewe katika orodha yetu.

La saba, maji na uji viwe tayari karibu na mizani, kwa gharama ya chama.

Mweka Hazina ametuonya kwamba jambo la saba na la nne yatapunguza fedha za zawadi. Tunaona ni afadhali kikombe kiwe kidogo.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili. Gunia la kahawa hupimwa ili ijulikane bei yake. Mtoto hupimwa ili tujue ni nani aliye sawa naye, asionewe na mkubwa. Mizani ikianza kumfanya mtoto ajinyime chakula na maji, imeacha kazi yake, nasi tuliomwita tumeacha yetu. Yule kijana wa mwaka jana ameandikisha jina lake tena, na mama yake ametia sahihi. Tunawaomba wanachama wayapitishe mapendekezo haya kabla ya siku ya mashindano kufika.