Jamii ya Kunde katika Ardhi ya Shaba ya Katanga

Kabla mjiolojia yeyote wa Ulaya hajaigonga miamba ya Katanga kwa nyundo yake, wenyeji wa nchi ile walikuwa wamekwisha kuitambua hazina yao kwa kuitazama mimea, maana vilima vyenye shaba havikubali miti ya msitu unaovizunguka, bali huvaa nyasi fupi na maua yasiyoonekana kwingineko. Hao ndio walioitwa walaji wa shaba, ambao kila kiangazi, mtama ukiisha kuvunwa, walijenga matanuri ya udongo wa vichuguu, wakayeyusha mawe ya kijani kwa makaa ya miti. Misalaba ya shaba ya ardhi hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Upemba. Na zama za Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, shaba hiyo ilichukuliwa na misafara hata pwani zetu.

Athari ya matanuri yale ilikuwa ndogo, walakini haikufutika. Mmea mmoja wa jamii ya mrehani, *Haumaniastrum katangense*, huota juu ya mabaki yake, hata wachunguzi wa mambo ya kale wakaufuata ili kupajua mahali palipoyeyushwa shaba karne nyingi zilizopita.

Dhara kubwa ilikuja baadaye. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuri kuu la Lubumbashi likawashwa. Tangu hapo moshi wenye salfa na vumbi la shaba, zinki, risasi na kadimi ulisukumwa na pepo za kusini-mashariki, ukatua mwaka baada ya mwaka juu ya mtaa wa Penga Penga, hata miti ikafa na udongo ukabaki uchi, ukichukuliwa na mvua. Wala mtu asitumaini kwamba dahari itaiponya ardhi hiyo, kwa kuwa madini hayaozi: ama huondolewa, ama hufungwa papo hapo yasihame.

Katika tiba hii ndipo jamii ya kunde ilipoitwa. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel aliwabainishia wanazuoni waliokutanika Berlin kwamba vinundu vya mizizi ya mimea hiyo, vikikaliwa na viumbe vidogo mno, huiwezesha kujipatia naitrojeni ya hewani. Na mmea unaojilisha hivyo waweza kustahimili penye udongo fukara uliokosa mboji. Katanga yenyewe ilikuwa na shahidi wake: katika miaka ya 1950 mwanabotania Mbelgiji Paul Duvigneaud aliichunguza mimea ya vilima vile, na miongoni mwayo umo *Crotalaria cobalticola*, ndugu wa marejea tunayoyajua mashambani, ambao makao yake ni udongo wenye kobalti.

Hapo matumaini yalizidi kiasi. Ilisemwa kwamba mimea mingi ya Katanga hujaza majani yake shaba na kobalti kwa wingi wa ajabu, hivyo yatosha kuivuna na kuichoma ili ardhi itakasike. Lakini majani yalipooshwa na kupimwa upya kwa uangalifu, ilidhihirika kwamba sehemu ya madini hayo ilikuwa vumbi lililoyagandama kwa nje. Kwa hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliichagua njia ya pili, iliyo ya unyenyekevu na, kwa rai yangu, ya hekima zaidi: kuifunika ardhi. Penga Penga walipanda nyasi zizoeazo shaba baada ya kutia chokaa na mboji. Na kwenye lundo la mabaki ya mgodi wa Kipushi wakajaribu miti, aghalabu ya jamii ya kunde, kama vile mlusina, mkingu na migunga, ili mizizi iushike udongo na majani yaangukayo yaurudishie rutuba.

Basi nawasihi wakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: yapandeni marejea na milusina penye udongo ulioathirika, lakini msiwalishe mbuzi majani yake, wala msipande hapo maharage au lengalenga kwa ajili ya chungu cha nyumbani, na wenye migodi watakiwe kuanza kupanda tangu siku lundo linapoanza kumwagwa.