Tarehe Chini ya Shairi

Huenda nawe ni mwalimu uliyeko Eldas, mswada wa riwaya yako umekwama katika sura ya tatu tangu muhula wa kwanza, na lawama umeutupia umbali wa kutoka Wajir hadi kwa wachapishaji wa Nairobi. Hebu ifungue tena diwani ya Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3, akatoka 1972, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Alitengwa na wafungwa wenzake na kukatazwa kuandika. Alitunga kwa siri juu ya karatasi za chooni, zikatoroshwa nje ya gereza. Hakuwa na rundo la kurasa mezani la kumwonyesha amefika wapi. Lakini tazama chini ya tungo zake: kuna tarehe. Watahiniwa wetu huziruka (nasi walimu pia) kwa kukimbilia vina na bahari. Zisome tarehe hizo kwa mfululizo, umwone mfungwa akisonga shairi hadi shairi. Diwani ilichapishwa 1973, ikatuzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta 1974. Je, ukurasa wa mwisho wa mswada wako una tarehe gani?