Kolo, Watu Watano na Simba Mmoja

Tuanze na pofu. Si mtu asiyeona. Namaanisha yule swala mkubwa kuliko wote, mwenye ngozi inayoning'inia kooni. Kwenye miamba ya Kondoa, katikati ya Tanzania, yeye na twiga wanajirudia sana, wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma. Wachoraji walikuwa wawindaji, kwa hivyo jibu rahisi ni njaa: ati mtu huchora anachotaka kula. Mimi hilo sijalikubali. Kando ya wanyama hao kuna watu warefu, wembamba, na wengine vichwa vyao si vya binadamu kabisa. Hao nao ni chakula?

Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huko na mumewe Louis akinakili michoro hiyo. (Mary alifukuzwa shule akiwa msichana, na hakupitia chuo kikuu. Mimi niliyeacha chuo nampenda kwa hilo peke yake.) Pale Kolo kuna mchoro wa watu watano, mmoja akiwa katikati, wawili kila upande. Mary aliona utekaji: wawili waliovaa vinyago wanamvuta mwanamke, wawili wengine wanamng'ang'ania. Ukiangalia haraka haraka, unakubali.

Lakini Wasandawe wapo, si mbali na hapo, na lugha yao yenye vidoko bado inazungumzwa. Eric ten Raa, aliyewatafiti miaka ya 1960, aliandika kuwa kwao uchoraji ulihusiana na uwindaji, tambiko na simbo. Simbo ni ngoma. Mchezaji hupandisha mpaka anakuwa simba. Sasa rudi kwa wale watano. Wapo watafiti wanaousoma mchoro kupitia ngoma hiyo, na mimi niko upande wao: naona mtu aliyepandisha, wenzake wamemshika asianguke.

Ndiyo maana neno "kabla ya historia" linanikera. Linafanya wenyewe waonekane wamekwisha, halafu sisi tunabaki kubahatisha, na kumbe kuna mtu wa kuulizwa.

UNESCO iliiweka Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mpaka leo wenyeji wanaendelea kufanya matambiko ya mvua na uponyaji huko Mungumi wa Kolo. Wahifadhi wanalalamika kuwa pombe inayomwagwa inaharibu rangi. Inaharibu, kweli. Ila hao hawaendi pale kutalii.