Njaa Zenye Majina: Kumbukumbu ya Ukambani na Kesho Yake

Karani wa sensa akifika Kathonzweni au Mwingi na kumwuliza bibi mkongwe alizaliwa mwaka gani, huenda akajibiwa kwa jina la njaa. Bibi hakwepi swali. Makarani wa sensa nchini Kenya huenda nyanjani wakiwa na orodha ya matukio ya kihistoria ya eneo wanalohesabu, wapate kukadiria umri wa watu wasio na cheti cha kuzaliwa. Kwa kaunti za Kitui na Makueni, orodha kama hiyo haiandikiki bila yua, yaani zile njaa kubwa ambazo Wakamba wamezipa majina tangu karne ya 19.

Majina yenyewe ni historia iliyofupishwa. Ngomanisye ndiyo iliyofyeka watu kati ya 1898 na 1900, ikiandamana na ndui katika nchi ambayo sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe wake. Mwolyo ya miaka ya 1940 ilichukua jina la chakula cha msaada. Katika miaka ya 1960 ikaja Ndeke, pale ndege zilipodondosha chakula kutoka angani, na Atta, iliyoitwa hivyo kwa ajili ya unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani. Kisha ikaja ile ambayo watu wazima wengi wa leo waliipitia wenyewe, Nikw'a Ngwete ya 1983 na 1984: nakufa nami nimeshika. Kilichoshikwa ni fedha. Chakula cha kununua ndicho kilichokosekana.

Wanahistoria na wataalamu wa kilimo wameyatumia majina haya kama kalenda, na wamefanya vyema. Ila kuna jambo ambalo kalenda haioneshi. Majina ya yua ni chombo cha kukumbukia, na namna kinavyofanya kazi ni ileile ambayo saikolojia ya kisasa iliifikia kwa majaribio ya maabara, tena kwa kuchelewa. Chombo hicho pia kinalazimisha kurekebishwa kwa hoja maarufu kuhusu wakati iliyotolewa na msomi aliyezaliwa Kitui kwenyewe.

Tuanze na jepesi. Akili ya binadamu haiweki tarehe juu ya matukio. Mtu akiulizwa kama aliibiwa katika miezi sita iliyopita, huweza kujibu ndiyo kwa wizi wa mwaka juzi, kwa kuwa tukio linalokumbukwa waziwazi huonekana la karibu kuliko lilivyo. Watafiti wa madodoso wamesumbuliwa sana na kasoro hii. Mwaka 1983 Elizabeth Loftus na Wesley Marburger walichapisha dawa yake. Badala ya kuuliza kuhusu miezi sita, waliwauliza watu wa jimbo la Washington kuhusu kipindi cha tangu volkano ya Mount St. Helens ilipolipuka Mei 1980. Makosa yalipungua. Tukio kubwa linalojulikana na wote liliwapa watu mahali pa kusimama, nao wakaweza kusema hili lilikuwa kabla na lile baada. Makala hiyo inasifiwa hadi leo katika mafunzo ya mbinu za utafiti. Wazee wa Mutomo wangeuliza ni kipi kipya hapo, maana wao walikuwa wakihesabu tangu Ngomanisye miongo mingi kabla ya utafiti huo.

La pili linahusu namna kumbukumbu inavyoamshwa. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alikariri silabi zisizo na maana, akaona kwamba nyingi hupotea ndani ya saa moja ya kwanza na kwamba upotevu huo hupungua kasi kadiri siku zinavyopita. Wanafunzi wengi hubaki na mchoro wake wa kusahau wakadhani ndio mwisho wa habari. Mwaka 1973 Endel Tulving na Donald Thomson walionesha upande mwingine: kitu kinachodhaniwa kimesahauliwa mara nyingi kipo, kinachokosekana ni kidokezo, na kidokezo kizuri ni kile kilichokuwa sehemu ya tukio tangu lilipoingia akilini. Ndiyo maana jina Atta lina nguvu ambayo tarehe 1965 haina. Rangi na ladha ya unga ule vilikuwa ndani ya tukio lenyewe. Tarehe iliongezwa baadaye na mtu wa ofisini.

Wakamba hawakuishia kwenye njaa tu. Wayua ni msichana aliyezaliwa wakati wa yua, Wambua na Syombua walizaliwa wakati wa mvua, Kyalo safarini, Mutuku usiku. Mtu hutembea na kidokezo chake maisha yote, na kila aitwapo, majirani hukumbushwa hali iliyokuwapo siku ile. Ni urudiaji ulioachanishwa kwa vipindi, ambao tangu Ebbinghaus unajulikana kushinda kukariri kwa mkupuo mmoja, jambo ambalo mtahiniwa yeyote aliyekesha usiku wa kuamkia mtihani analijua kwa uchungu.

Hapa mtu huweza kuteleza na kusema Waafrika wana kumbukumbu ya ajabu. Frederic Bartlett wa Cambridge alikutana na dai hilo aliposafiri kusini mwa Afrika, naye akalipima. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 anaeleza habari za mchungaji wa Kiswazi aliyeulizwa kuhusu ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma. Mtu yule aliwataja mmoja mmoja, rangi na bei, akakosea mambo madogo tu. Lakini mvulana wa Kiswazi alipopewa ujumbe wa kawaida aufikishe kwa mtu mwingine, hakufanya vizuri kuliko watoto wa Ulaya. Bartlett alihitimisha kwamba watu hukumbuka vizuri pale mambo yanapowagusa katika shughuli na desturi zao, na kwamba kukumbuka ni kujenga upya, si kufungua sanduku na kutoa kilichowekwa. Kwa hiyo Mkamba anayetaja yua kumi kwa mpangilio hana ubongo tofauti. Ana jamii iliyompangia mambo ya kukumbuka.

Na kama kukumbuka ni kujenga upya, basi majina hayo nayo yana dosari. Orodha zilizokusanywa sehemu mbalimbali za Ukambani hazilingani: jina moja huangukia miaka tofauti, njaa moja huwa na majina mawili, na jina likishazoeleka huvuta matukio ya jirani yake. Anayesimulia Nikw'a Ngwete leo anaweza bila kujua kuchanganya humo ukame uliokuja baadaye, kwa sababu visa vyote vinafanana sura: mvua ya vuli imekatika mapema, mbegu imekaukia shambani, mbuzi wameuzwa kwa bei ya kutupa. Kila jina pia huchagua. Nikw'a Ngwete hukumbuka soko lililoshindwa kumlisha mwenye pesa. Mjane wa Kyuso ambaye hakuwa na pesa ya kushika hayumo ndani ya jina hilo.

Msomi wa Kitui aliyetajwa ni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, akasoma Makerere na Cambridge, akafundisha Makerere na kufia Uswisi mwaka 2019. Kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kiliupa ulimwengu wa wasomi maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Kwa Mbiti, Sasa ni wakati unaoishiwa: yanayotokea, yaliyopita karibuni na yatakayokuja hivi punde. Zamani ni bahari ambamo yote huishia. Mtu akifa hatoki kwenye Sasa papo hapo. Hubaki humo maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina na kwa sura. Siku aliyemfahamu wa mwisho anapofariki, ndipo marehemu huingia Zamani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1972, Tulving akiwa mbali na Mulango alipendekeza mgawanyo ambao sasa umezoeleka katika vitabu vya utangulizi wa saikolojia. Ipo kumbukumbu ya matukio, ambamo mtu huyarudia aliyoyapitia kana kwamba yumo tena ndani yake, na ipo kumbukumbu ya maarifa, ambamo anajua jambo bila kulipitia. Mwaka 1985 aliongeza kwamba kila moja ina namna yake ya ufahamu: kukumbuka si sawa na kujua. Anayeikumbuka Nikw'a Ngwete anaona foleni na gunia tupu. Mjukuu wake anajua kwamba palikuwa na njaa. Mpaka aliouchora Mbiti kati ya Sasa na Zamani ni mpaka huohuo, isipokuwa Tulving aliuweka ndani ya kichwa cha mtu mmoja na Mbiti akauweka katikati ya vizazi. Ngomanisye imekwisha kuvuka. Hakuna aliye hai aliyeiona. Ingestaajabisha kama mihadhara ya saikolojia Afrika Mashariki ingemtaja mmoja na kuiachia idara ya dini mwenzake.

Ulinganisho huu usivutwe mno. Tulving alikuwa na ushahidi wa ubongo. Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu ya hipokampasi ya ubongo wake pande zote mbili mwaka 1953 ili atulizwe kifafa, hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota akiangalia kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku ingawa kila siku alidai hajawahi kuifanya kazi hiyo. Stadi za mikono zina njia yake, na kwa sababu hiyo msusi wa kiondo anaweza kusahau jana ilikuwaje, na vidole visipotee njia. Mbiti hakuwa na habari za hipokampasi, wala hakuzihitaji kwa alichokuwa akikieleza.

Pale anapopingika ni kuhusu kesho. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambazo kwa maoni yake hazivuki miezi michache, au miaka miwili kwa wingi. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka 1987 kwa mifano ya Waakan. Pingamizi kali zaidi, hata hivyo, limetoka upande ambao huenda hakuutarajia. Kent Cochrane, Mkanada aliyeumia ubongo katika ajali ya pikipiki mwaka 1981, alipoteza kumbukumbu zote za matukio ya maisha yake. Tulving alipomwuliza atafanya nini kesho, hakuwa na jibu. Kwake mbele palikuwa patupu kama nyuma. Mwaka 2007 Daniel Schacter na Donna Rose Addis walitoa nadharia kamili: ubongo hutumia vipande vya yaliyopita kujenga picha ya yajayo, na pengine kumbukumbu huwa legelege na yenye kubadilika ili iweze kufanya kazi hiyo.

Ikiwa ndivyo, watu waliohifadhi yua kumi kwa majina wana akiba kubwa ya kuwazia yua ya kumi na moja, vitenzi vyao viwe na nyakati ngapi. Ushahidi uko vilimani. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitangaza Machakos, iliyokuwa bado inajumuisha Makueni, kuwa nchi iliyokwisha kuharibika. Dawa yao mojawapo ilikuwa kupunguza mifugo, na mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza Wakamba hadi Nairobi kuipinga, kisha akahamishiwa Lamu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonesha kinyume cha tangazo lile la maofisa: watu wa wilaya hiyo waliongezeka kutoka takriban 240,000 hadi takriban milioni 1.4 katika muda wa miaka sitini hivi, na mmomonyoko ukapungua. Matuta ya kuzuia mmomonyoko yaitwayo fanya juu yalichimbwa kwa nguvu ya mwethya, yaani vikundi vya kazi ya pamoja, ambavyo wengi wa wanachama wake ni wanawake.

Itasemwa kwamba serikali ya kikoloni ililazimisha matuta hayo. Ni kweli kwa miaka ya 1940 na 1950. Lakini baada ya uhuru shuruti iliondoka, na miongo iliyofuata ndiyo iliyoona matuta mengi yakichimbwa kwa hiari. Huko Kitui, shirika la SASOL na wanavijiji wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990. Bwawa la aina hiyo huhitaji mafuriko ya misimu kadhaa kujaa mchanga utakaoshika maji. Hakuna anayebeba mawe hadi mtoni kwa ajili ya kisima cha miaka mitatu ijayo kama kesho yake haivuki miaka miwili.

Jambo moja limebaki, nalo linaharibu kidogo uzuri wa hoja hii. Njaa huumiza kile kinachoikumbuka. Ukame wa 1984 uliwakuta watafiti wakiwa tayari Embu, ng'ambo ya mto Tana kutoka Kitui, wakichunguza lishe ya watoto. Chakula kilipopungua, watoto wa shule walipunguza michezo na usikivu wao darasani ukashuka. Asiyesikiliza haingizi jambo akilini sawasawa. Huenda basi sehemu ya Nikw'a Ngwete haikuhifadhiwa kamwe na wale walioumia zaidi, na simulizi tulizo nazo ni za waliokuwa na nguvu ya kutazama.

Aliyekuwa na miaka ishirini wakati huo amekwisha kupita sitini. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kitui, na wanafunzi wake wengi wana nyanya na babu waliokuwa kwenye foleni zile. Idara zake na serikali za kaunti za Kitui na Makueni zianze kurekodi sasa, kijiji kwa kijiji, kwa Kikamba, na kila simulizi iandikwe kama msemaji alikuwepo au alisimuliwa. Tofauti hiyo moja ikiachwa, mtafiti wa mwaka 2050 atapata majina ya njaa bila njia ya kujua ni nani aliyeziona.