Mlango Uliogeuka Ubao

Ubao mweusi wa darasa letu hapa kambini zamani ulikuwa mlango wa nyumba.

Katika pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, ubao si kitu kigeni. Kabla ya shule za Wareno, watoto walisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, wakiandika kwa wino wa masizi juu ya kibao cha mti. Somo likishahifadhiwa, kibao huoshwa. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO nayo ilifundisha porini, chini ya miti.

Sisi tulikimbia Palma baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021, bila hata chaki. Mama mmoja alikuja na mlango wake. Watoto wake waliulalia ndani ya mashua mpaka Pemba. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa rangi isiyonunuliwa: mkaa hutwangwa, huchekechwa, huchanganywa na uji mwepesi wa muhogo. Tulipiga msasa, tukapaka. Mara ya kwanza rangi ilipasuka, maana uji ulikuwa mzito (tulikuwa na haraka). Tukakwangua, tukapaka tena mara tatu, tukingoja kila tabaka likauke. Mvua ikiupata, tunarudia.

Wageni wa mashirika huuliza kwa nini hesabu zetu zinaruka tundu pale chini. Ni tundu la kufuli. Mama alikataa lisizibwe, na ufunguo bado anao, ameufunga kwenye pindo la kanga.